Vitabu vya Hesabu kwa Vijana Wasomao Nyumbani

Mara nyingi wazazi hutuuliza neno moja ambalo kwa juu laonekana dogo: Kijana wetu yuko nyumbani, haendi shule, naye ataka kujifunza hesabu, je, tumnunulie kitabu gani? Wengi waulizao hivi hungoja kutajiwa jina la kitabu tu, ili waende dukani Same au Moshi, walipe na kurudi. Lakini sisi twaona kwamba swali hili si la duka peke yake. Ndani yake limo swali jingine, la haki na la kweli, nalo ni hili: Je, twamtakia kijana huyu ajue, au twamtakia aonekane kuwa ajua? Mtu akiisha kulijibu hili la pili kwa moyo safi, amekwisha kulijibu la kwanza kwa nusu.

Kwanza yafaa tueleze ni vijana gani tunaowanena. Hatuwaneni watoto wadogo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yataka kila mtoto aandikishwe na kusoma shule ya msingi, wala mzazi hana ruhusa ya kumzuia. Twanena habari za wale waliokwisha kupita darasa la saba, wenye miaka kumi na minne, kumi na sita, au kumi na minane, ambao kwa sababu moja au nyingine wajifunza nyumbani. Yupo aliyeugua muda mrefu. Yupo aliyeanguka katika mtihani wa Kidato cha Nne, naye ataka kuurudia. Yupo aliyeacha shule apate kuchunga ng'ombe wa baba yake huko nyikani chini ya milima. Yupo binti aliyejifungua mtoto. Tena wapo wachache, hasa mijini, ambao wazazi wao wenyewe wamechagua kuwafundisha nyumbani. Na mwaka 2020, tangu katikati ya Machi hata Juni 29, wanafunzi walio wengi wa nchi hii walikuwa wanafunzi wa nyumbani, maana shule zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wakati ule kila nyumba iliona jinsi ilivyo kazi kumwacha kijana na kitabu peke yao.

Vijana hao wamewekewa njia. Aliye nje ya shule aweza kufanya mtihani wa Kidato cha Nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Na yule asiyepata kufaulu mtihani wa Kidato cha Pili hutangulia kufanya Mtihani wa Maarifa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ina masomo kwa watu wa namna hii. Tena tangu Novemba 2021 binti aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito ameruhusiwa kurudi darasani. Basi kusoma nyumbani si kutupwa. Ni njia yenye mlango mwisho wake. Lakini penye mlango huo Hisabati husimama kama bawabu mkali. Mwaka 2022 waliofaulu Hisabati katika mtihani wa Kidato cha Nne walikuwa kama mmoja katika kila watano, na wengi katika hao walioshindwa walikuwa na mwalimu mbele yao kila siku. Kijana wa nyumbani hana mwalimu ila kitabu. Kwa hiyo kitabu chake chapasa kuchaguliwa kwa uangalifu kuliko kitabu cha mwenziwe aliye shuleni.

Shuleni kitabu ni msaidizi wa mwalimu. Kikikosea, mwalimu arekebisha. Kikinyamaza, mwalimu asema. Mtoto akichoka, mwalimu amtia moyo. Nyumbani kitabu kimeachiwa kazi hizo zote. Nacho hakina macho ya kuona kwamba msomaji wake amekunja uso, wala hakina masikio. Chaweza kusema yale tu yaliyokwisha kuandikwa ndani yake. Hivyo anunuaye kitabu cha kijana wa nyumbani, amchagulia mwalimu.

Dukani twaviona vitabu vya namna tatu. Vipo vya kiada, vitolewavyo na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambavyo hufundisha jambo kwa jambo kwa utaratibu wa mtaala. Vipo vya mazoezi, ambavyo maelezo yake ni machache na maswali yake ni mengi. Tena vipo vikusanyavyo mitihani ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake. Hivi vya mwisho ndivyo vipendwavyo sana, maana huahidi kwamba msomaji ataokota njiani kile ambacho wengine wamekichimba. Hatusemi kwamba ni vibaya. Katika miezi ya mwisho kabla ya mtihani vyafaa sana, kwa kuwa humzoeza kijana namna ya kuulizwa na kipimo cha saa. Lakini aanzaye kwa hivyo ni kama mtu ajuaye njia ya kisimani usiku kwa kuhesabu hatua zake. Siku moja jiwe likihamishwa, ataanguka na mtungi wake.

Tutoe mfano. Kilo moja ya tangawizi yauzwa shilingi 2,000. Bei yapanda kwa asilimia 20. Kisha baada ya mwezi yashuka kwa asilimia 20. Je, imerudi pale ilipokuwa? Kijana aliyekaririshwa atajibu upesi kwamba imerudi, maana kilichoongezwa na kilichopunguzwa vyaitwa kwa jina moja. Aliyefundishwa atakwenda polepole: asilimia 20 ya 2,000 ni 400, basi bei imekuwa 2,400, lakini asilimia 20 ya 2,400 ni 480, basi bei imeshuka hata 1,920. Shilingi 80 zimepotea katika kila kilo. Wakulima wa Mamba na Miamba, ambako tangawizi ni mazao makubwa, wajua kwamba shilingi 80 katika kila kilo si mchezo. Aliyejibu upesi angeweza kufaulu maswali kumi ya asilimia katika kitabu chake, na bado akadanganywa sokoni.

Hapa tumefika penye moyo wa jambo lenyewe, nalo ni habari ya kosa. Katika hesabu kosa laweza kujitangaza lenyewe, kama mtu amefundishwa kulisikiliza. Kijana aambiwa ajumlishe nusu na theluthi. Asiyefahamu hujumlisha namba za juu, akajumlisha na za chini, akaandika 2/5. Kitabu kibaya humwambia katika kurasa za nyuma neno moja tu: 5/6. Kijana aona amekosa, afuta, aandika 5/6, na kuendelea mbele. Hakujifunza neno ila kwamba yeye ni mjinga. Kitabu chema humwuliza: Je, 2/5 ni kubwa au ni ndogo kuliko ile nusu uliyoanza nayo? Atafikiri, naye ataona kwamba ni ndogo. Alikuwa na nusu ya mkate, akaongezewa theluthi, na sasa ana pungufu ya nusu! Atacheka mwenyewe. Kosa limemfundisha, wala hakuna mtu aliyemtia haya.

Tofauti ya vitabu hivi viwili si ya ufundi tu. Kile cha kwanza chamzoeza kijana kufikiri kwamba kweli ni mali ya mtu mwingine, imefichwa mahali, na kazi yake yeye ni kuipata kwa njia yo yote. Cha pili chamzoeza kufahamu kwamba kweli i wazi kwa kila aitafutaye, na kwamba yeye pia amepewa akili ya kuipima. Kijana wa kwanza akiwa mtu mzima ataamini kila hesabu asomewayo mkutanoni, maadamu aisomaye amevaa vizuri. Wa pili atauliza kwa adabu: Mmefikaje hapo?

Watu wa Upare wana sababu yao wenyewe ya kulifahamu neno hili. Katika miaka ya vita kuu ya pili ililetwa kodi ya nyongeza katika wilaya, ambayo kila mtu alipaswa kuilipa kwa kadiri ya mali yake. Nao wakaiita mbiru. Kwa kusikia tu ilionekana ni ya haki, maana mwenye kingi alipe zaidi. Lakini watu walilalamika juu ya namna mali zao zilivyokadiriwa. Mwaka 1945 maelfu waliteremka milimani hata Same, wakakaa huko wakidai wasikilizwe. Na mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakasimama. Mwishowe kodi hiyo ikaachwa. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliiandika habari hiyo katika kitabu chake juu ya mbiru. Wengi katika wale walioteremka hawakuwa wamesoma hesabu za shule. Hata hivyo walijua kwamba mtu atozwaye hana budi kufahamu jinsi alivyokadiriwa, na kwamba hesabu isiyoonyesha njia yake haistahili kuaminiwa. Twataka vijana wetu wawe na moyo ule, pamoja na elimu ambayo wazee wale hawakuipata.

Labda mtu atasema: Wapo waliokuwa wakuu katika elimu hii kwa kitabu kikavu kisicho na maelezo. Ni kweli. Srinivasa Ramanujan, aliyezaliwa mwaka 1887 kusini mwa India, alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na sita alipata kitabu cha Mwingereza mmoja, Carr, chenye maelfu ya kanuni zilizopangwa mfululizo, karibu zote pasipo maelezo ya kutosha. Carr alikuwa mtu wa kuwafunda wanafunzi kwa ajili ya mitihani, na kitabu chake kilitokana na kazi hiyo. Kijana yule alizichukua kanuni moja moja, akajitafutia mwenyewe sababu zake, kisha akaanza kuvumbua zake mwenyewe. Mwaka 1913 alimwandikia Hardy, mwalimu wa Cambridge, naye Hardy akatambua kwamba ameandikiwa na mtu asiye na mfano. Mwaka 1914 akaitwa Uingereza.

Habari hii ni ya ajabu, nasi twafurahi kuisoma. Lakini tusiisome nusu. Ramanujan huyo huyo alipoingia chuoni alisahau masomo mengine yote, akashindwa mitihani, akanyimwa msaada wa fedha. Tena desturi ya kuandika matokeo bila kuonyesha njia ilimfuata, hata Hardy akawa na kazi kubwa ya kumfahamisha kwa nini njia yapasa kuonyeshwa. Kitabu kikavu hakikumharibu mtu yule, kwa sababu yeye alijaza mwenyewe kila pengo lililoachwa. Mzazi akimpa mwanawe wa kawaida kitabu cha namna ile, na kungoja atokee Ramanujan, ni kama mtu amtupaye mtoto mtoni kwa kuwa amesikia kwamba mwingine alijifunza kuogelea hivyo.

Basi twawezaje kukipima kitabu kabla ya kukilipia? Hapana haja ya kuwa mtaalamu. Mtu akifuata mambo haya matano hatakosea sana.

Kwanza, afungue somo moja, aseme sehemu au asilimia, asome ule mfano wa kwanza. Je, kila hatua imeelezwa kwa nini yafanywa, au hatua zaruka tu mmoja baada ya mwingine? Kijana mwenyewe na asome mfano huo pale pale dukani, kisha aueleze kwa maneno yake. Akiweza, kitabu hicho kinaongea naye. Asipoweza, rangi nzuri za jalada hazitamsaidia.

Pili, atazame kama maswali yapanda kwa ngazi. Kitabu chema huanza na maswali mepesi ya kumpa msomaji nguvu, kisha humpeleka penye ugumu kidogo kidogo, tena mara kwa mara humrudisha kwa yale ya nyuma asiyasahau. Kitabu chenye maswali hamsini yaliyo sawa sawa huchosha mkono, wala hakilishi akili.

Tatu, atazame lugha. Katika shule za serikali mtoto hufundishwa hesabu za msingi kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari maneno yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Aliyejua eneo, ujazo na uwiano tangu utoto wake huyaona yakija na majina mageni, akadhani ni mambo mapya. Shuleni mwalimu humfungulia. Nyumbani hakuna wa kumfungulia. Kwa hiyo kijana wa namna hii na awe na daftari dogo, aandike neno la Kiingereza upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili. Wala asione aibu kuweka kando ya kitabu chake cha sekondari vile vitabu vya darasa la sita na la saba. Mara nyingi tumeona kwamba aliyekwama katika aljebra, hakukwama katika aljebra. Alikwama zamani katika sehemu na namba hasi, na hakuna aliyejua.

Nne, aulize kitabu kimefuata mtaala upi. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, na yule atakayefanya mtihani hana budi kujua atapimwa kwa mtaala gani. Vitabu vya zamani visitupwe, maana jumla ya pembe za pembetatu ni nyuzi 180 jana na leo, na baadhi ya vitabu vya wazee wetu hueleza vizuri kuliko vya sasa. Lakini kijana aambiwe mapema kwamba humo atakuta futi, ratli na galoni, asije akaona kiza bure.

Tano, atazame kama kitabu kina majibu. Hapa wazazi hugawanyika. Wako wasemao kwamba kurasa za majibu zikatwe na kufungiwa sandukuni, maana kijana aliye peke yake atachungulia. Sisi twaona kwamba asomaye bila mwalimu ahitaji majibu kuliko mwanafunzi mwingine ye yote. Bila hayo aweza kutembea katika kosa moja miezi mitatu. Dawa ya kuchungulia ni desturi njema kuliko kufuli. Na afanye hesabu zake kwa kalamu ya wino, amalize, ndipo afungue nyuma. Akikuta amekosa, asifute. Na apige mstari mmoja tu juu ya kosa, aandike chini yake ni wapi alipopotea, kisha arudie. Daftari lisilofutwa huonekana chafu, lakini ni daftari la mtu wa kweli. Tena kijana ajue kwamba majibu ya nyuma si sheria. Mwaka 2013 Bunge lilijadili ubovu wa vitabu vya shule, na kamati iliyokuwa ikiviidhinisha ikavunjwa. Mwaka 2017 vitabu vipya navyo vikaonekana vina makosa. Kijana aliyepima mara tatu, akaona kwamba jibu la kitabu halipatani na kweli, na amwonyeshe mtu ajuaye. Huenda kitabu ndicho kilichokosa.

Siku hizi limekuja jaribu kubwa kuliko kurasa za nyuma. Zipo programu za simu ambazo ukilipiga picha swali, hukupa jibu pamoja na hatua zake zote zilizopangwa vizuri. Mtu aweza kusema: Basi, si ndiyo njia mliyoitaka, nayo imeonyeshwa? Sisi twajibu kwamba njia uliyoonyeshwa bado hujaipita. Mtu aweza kutazama picha ya mlima Shengena kila siku, asijue jinsi pumzi inavyokatika mtu apandapo. Simu yaweza kuwa mwalimu mwema kwa yule aliyekwisha kujaribu, akakwama, akataka kujua ni wapi. Tena vitabu vya Taasisi ya Elimu vyasomeka humo katika maktaba yao ya intaneti, na huo ni msaada mkubwa kwa asiye na fedha. Lakini kwa yule asiyejaribu, simu ni mtumishi afanyaye kazi na kumwachia bwana wake mikono laini. Siku ya mtihani mtumishi huyo hataruhusiwa kuingia.

Mzazi mmoja atasema: Haya yote ni mema, lakini mimi nimeishia darasa la saba. Hesabu za mwanangu sizijui, nitamsaidiaje? Tunaomba mzazi huyo asikate tamaa. Neno moja tu latosha, nalo halihitaji elimu ya sekondari. Jioni, kazi zikiisha, na aketi karibu naye, aseme: Mwanangu, hili umefikaje hapo? Kisha anyamaze, asikilize. Kijana atakapoeleza kwa sauti, atasikia mwenyewe pale ambapo neno halikukaa sawa. Mama asiyejua aljebra ajua sana kusikia mtu anapobabaika, na kuona anaposema jambo asilolifahamu.

Tena mzazi aweza kuongeza maswali ambayo kitabu hakina, kutoka katika mambo yetu wenyewe. Hapa Upare tunazo ndiva, yale mabwawa ambayo wazee waliyajenga ili maji ya mfereji yajikusanye usiku, mchana yamwagilie mashamba. Tuseme ndiva moja ina urefu wa meta 20, upana wa meta 15, na kina cha meta moja na nusu. Ujazo wake ni meta za ujazo 450, yaani lita 450,000. Likifunguliwa tundu litoalo lita 15 kwa sekunde, maji yataisha baada ya sekunde 30,000, ndiyo saa 8 na dakika 20. Wakiwa na zamu watu watano, kila mmoja atapata dakika 100. Kijana akifika hapo na aulizwe neno la mwisho: Je, ni haki wote wapate sawasawa, ikiwa shamba la mmoja ni mara mbili ya shamba la mwingine? Na kama mwenye shamba dogo ana watoto wengi zaidi? Hesabu haitamjibu hilo. Lakini bila hesabu wala hawezi kuliuliza vizuri, na ugomvi wa maji utaamuliwa na mwenye sauti kubwa. Ndiyo sababu twasema kwamba hesabu ni mtumishi wa haki: haitoi hukumu, ila huwasha taa watu waonane nyuso.

Sasa tuseme habari ya fedha, maana hapo ndipo mambo haya yote hujaribiwa. Nyumbani wako watoto wanne, na fedha iliyopo yatosha kununua kitabu kimoja, au kulipa michango ya shule ya mdogo wao. Mtu asilaumiwe akichagua kwa kadiri ya uwezo wake. Lakini na aangalie moyo wake anapochagua. Kuna nyumba ambapo kijana wa kiume aliyeanguka mtihani hununuliwa vitabu vipya vitatu, kwa kuwa aitwa mwenye bahati mbaya. Na dada yake mwenye mtoto mgongoni hupewa daftari kuukuu na kijitabu cha majibu kilichoraruka, kwa kuwa aitwa aliyejiharibia. Hakuna asemaye wazi kwamba kitabu kile kibaya ni adhabu, lakini binti aelewa. Twasema neno hili bila kuficha: kitabu si zawadi ya tabia njema. Aliye na kizuizi kikubwa ndiye ahitajiye kitabu kilicho bora, maana saa yake ya kusoma ni moja tu, usiku, mtoto akiisha kulala. Kitabu kikimpotezea saa hiyo, hana nyingine. Kumpa yeye kilicho duni ni kumwambia kwamba tumekwisha kumhesabu kati ya walioshindwa, kabla hata hajaketi kufanya mtihani.

Kwa ajili hiyo twawashauri ndugu wa sharika na vikundi vya akina mama: msinunue kila nyumba kitabu chake. Watu kumi wakichanga, waweza kuwa na sanduku la vitabu vyema vya hesabu, vya kiada na vya mazoezi, ambavyo vijana wataazimana kwa zamu na kuandika katika madaftari yao, si ndani ya kitabu. Na wakutane mara moja kwa juma, wawili au watatu, kila mmoja aeleze hesabu moja mbele ya wenzake. Waalimu wa shule wanaokaa karibu wataombwa wapitie mara kwa mara. Wengi wao hawakatai waombwapo kwa heshima. Kijana asomaye peke yake hujiona kuwa yeye tu ndiye mzito wa kufahamu. Akimsikia mwenziwe amekwama pale pale alipokwama yeye, mzigo wake hupungua kwa nusu.

Bado liko shaka moja kubwa, nasi hatutaki kulipita. Mtu atatuambia: Ninyi mwanena habari za kweli na haki, lakini dunia yauliza cheti. Kijana akifahamu sana asipate cheti, atakula nini? Twakiri kwamba shaka hili ni zito, wala asiye na njaa asilidharau. Hatusemi mtihani upuuzwe. Twasema tu kwamba aliyefahamu huuendea mtihani akiwa na njia mbili: akisahau kanuni, aweza kuitafuta tena kwa akili yake. Aliyekariri ana njia moja, nayo ikifungwa amekwisha. Na hata akiipata karatasi yake, itakuja siku atakapokabidhiwa hazina ya kikundi, au kupima dawa ya mgonjwa, au kukata mbao za paa la nyumba ya mtu. Siku hiyo hakuna kurasa za nyuma. Watakaopata hasara ni watu waliomwamini.

Basi mzazi asimamaye mbele ya meza ya muuza vitabu, na ashike kitabu mkononi, asiulize kwanza kama kitamfaulisha mwanawe upesi. Na ajiulize: Kitabu hiki kitamwonyesha kosa lake kwa upole, au kitalificha, au kitamwaibisha? Kitamzoeza kusema, Sijui bado, ngoja nipime. Au kitamzoeza kujifanya ajua? Akiisha kujibu, na alipe, aende nacho nyumbani, ampe kijana kwa mikono miwili kama ampavyo mtu kitu cha thamani. Kisha jioni ile ile na aanze kazi yake mwenyewe ya kuketi karibu naye na kusikiliza.